Wiki Nane za Bwana Mifugo

Mtu akienda kwa Bwana Mifugo kuomba mtoto wa mbwa, jibu lilikuwa lile lile: "Kaa kwanza." Alionyeshwa kigoda kando ya banda, akakaa, akamtazama mbwa jike akinyonyesha, na Bwana Mifugo akaingia ndani kuendelea na shughuli zake. Baada ya nusu saa hivi alitoka na kumuuliza mgeni ameona nini. Wengi walikuwa hawajaona kitu. Wameona mbwa amelala na watoto wanamnyonya. "Basi nenda, utarudi wiki ijayo," alisema, na maongezi yakaishia hapo.

Watu wa Nyakisasa waliona huo ni wazimu mdogo wa mtu aliyesoma sana habari za ng'ombe. Kwao mtoto wa mbwa akishafumbua macho na kusimama bila kuanguka, unamtia kwenye kikapu unakwenda naye. Nakumbuka mzee mmoja aliyerudishwa mara mbili. Mara ya tatu alisimama katikati ya uwanja na fimbo yake akasema kwa sauti ya kusikika hadi kwangu: "Bwana Mifugo, mimi nimekuja kuomba mbwa, sikuja kusoma shure!" Bwana Mifugo alivua kofia, akaikung'uta gotini, akaivaa tena. Akasogeza kigoda.

Jina lake nalijua. Lakini hata marehemu mkewe alikuwa akimwita Bwana Mifugo, na watoto wa shule walidhani ndivyo alivyobatizwa, kwa hiyo sioni sababu mimi nianze leo kumwita vingine.

Mimi ni mtu wa Biharamulo mjini. Nimekulia katika nyumba ya Kiislamu, nyumba ya duka, ambayo wazee wake walifuata biashara kutoka pwani wakabaki. Kwetu mbwa alikuwa mnyama wa kuonekana kwa mbali. Akigusa sufuria, sufuria inaoshwa mara saba, na moja kati ya hizo kwa udongo. Akikugusa wewe na pua yake mbichi, ni hivyo hivyo. Serikali iliponipeleka kufundisha Nyakisasa, wilaya ya Ngara, nyumba ya mwalimu niliyopewa ilitenganishwa na ya Bwana Mifugo kwa uzio wa minyaa uliotoboka kila mahali. Wiki ya kwanza nilimaliza ndoo kumi na mbili za maji. Yeye aliniona nikijiosha, akahesabu, na siku ya tatu akaniambia kutoka upande wake wa uzio, "Mwalimu, leo umeosha mara sita." Nilimchukia siku ile. Nikaosha ya saba.

Nilikaa jirani naye miaka kumi na moja.

Alikuwa mrefu, mkavu, mwenye kunuka dawa ya josho hata Jumapili. Mabuti yake ya mpira yalikuwa na viraka vya tairi ya baiskeli, na baiskeli yenyewe ilikuwa na viraka vya mabuti. Hakuwahi kumpapasa mbwa mbele ya watu. Ukimkuta peke yake, hata hivyo, ungemwona ameinama bandani akiongea na yule jike kwa Kisubi, polepole, habari ndefu zenye maswali, kisha ananyamaza kidogo kama anayesubiri zamu ya mwenzake. Akikuona, ananyanyuka na kuanza kulalamikia bei ya mafuta ya taa.

Niliwahi kumwalika darasani aje awafundishe watoto somo la wanyama. Alikuja amevaa tai. Nilidhani ataeleza kupe na ugonjwa wa ndigana wanaouletea ng'ombe. Akaeleza mbwa, dakika arobaini nzima. Alisema wiki nne za kwanza mtoto wa mbwa anakunywa maziwa, na wiki nne zinazofuata anakunywa adabu. Watoto wakacheka. Akasema mnacheka nini, nani kati yenu ameshawahi kuwatazama? Hao wanaumana mchana kutwa. Mmoja akimng'ata mwenzake sana, mwenzake analia, na aliyeng'ata anaachia. Pale ndipo anapojua meno yake yana nguvu kiasi gani. Ukimtoa kabla, utamfundisha wewe, kwa mkono wa mtoto wako.

Halafu akaeleza dalili, akizihesabu kwa vidole. Mama ananyonyesha akiwa amesimama, si amelala. Wakimng'ang'ania, anaondoka nao wakining'inia mpaka wadondoke. Anawakoromea. Mtoto mwenyewe anakula ugali uliolowekwa kwenye mchuzi wa dagaa bila kuoneshwa, anakwenda kujisaidia mbali na pale wanapolala, na anaweza kulala usingizi mzito nje ya lile rundo la ndugu zake. Hapo, alisema, hujamchukua. Mama yake amekupa. Msichana mmoja wa darasa la nne aliuliza, je, mama akikataa kumpa hata baada ya wiki nane? Bwana Mifugo alifikiri sana, akajibu kwamba hajawahi kumwona mama wa namna hiyo, lakini akitokea, atamsikiliza.

Hakuuza mbwa hata siku moja. Sharti lake lilikuwa uje mara tatu, na kila ukija umletee yule jike chakula, dagaa au maziwa au utumbo, kwa sababu unamchukulia mtoto. Mara ya kwanza ulileta pia kitambaa kikuukuu cha nyumbani kwako, kikawekwa pale wanapolala, na siku ya kuondoka mtoto wa mbwa uliondoka na kitambaa kile kikiwa kimeshika harufu ya mama. Wapo waliomletea vitambaa vya maana, kanga karibu mpya, wakidhani ni rushwa. Alivirudisha. Alitaka kilichochakaa.

Sasa niseme na hili, maana nikilificha nitakuwa namchora mtu mwingine. Mkewe alipofariki, aliachiwa binti wa miaka mitano. Haikupita miezi miwili, akampandisha basi yule mtoto akampeleka Biharamulo kwa dada yake, akarudi peke yake. "Mimi nashinda porini na ng'ombe za watu," aliwaambia waliouliza. "Nitamwachia nani?" Alikwenda kumwona kila baada ya miezi michache, akirudi hasimulii kitu. Binti alikuwa na mazoea ya kulala ameshika sikio la baba yake. Hilo aliniambia mkewe zamani, yeye hakuniambia.

Siku moja alinikera. Alimfukuza mama mmoja mjane aliyekuja kuomba mtoto wa mbwa wa kulinda mahindi, kwa kuwa zilibaki siku nne. Siku nne tu! Nikamwambia pale pale, kwenye uzio, "Na binti yako naye alikuwa ametimiza wiki nane, Bwana Mifugo?"

Hakusema nami mwezi mzima. Lakini kila asubuhi chupa ya maziwa iliendelea kuwekwa kwenye tundu la uzio, imefunikwa vizuri na jani la mgomba, na mimi niliichukua kila asubuhi kwa aibu na kuyanywa. Nimewahi kusema maneno mengi mabaya maishani, mwalimu hakosi. Hilo ndilo ningelirudisha kama maneno yangekuwa yanarudi.

Wakati huo Benaco, kambi ya wakimbizi wa Rwanda, ilikuwa imeshakuwa mji. Sisi wa Nyakisasa tulikuwa mbali kidogo na kambi, lakini hakuna aliyekuwa mbali kabisa. Malori ya ndizi yaliondoka kila alfajiri kwenda kule na kurudi na mahindi ya njano na mafuta ya makopo. Kuni zikawa shida. Wakimbizi walitoka kambini kutafuta kibarua, wakalima mashamba yetu kwa chakula, na Kihangaza cha wenyeji na Kinyarwanda chao vilisikilizana kiasi kwamba baada ya mwezi hukujua tena nani mgeni shambani, ila mimi, mtu wa Kiswahili, niliyekuwa mgeni wa wote.

Kwangu alikuja mama mmoja kulima maharage, na mtoto wake wa kiume wa miaka minne au mitano. Mama alisema kidogo Kiswahili. Mtoto hakusema lugha yoyote. Alikuwa ameanza kuongea vizuri kwao, mama yake alinieleza, na tangu wavuke mto Kagera pale Rusumo hakutoa neno. Siku ya kwanza walipofika, yule jike wa Bwana Mifugo alipitisha kichwa kwenye uzio, kama kawaida yake, kuangalia nani kaja. Yule mama aliangusha jembe, akamnyanyua mtoto, akapanda juu ya rundo la matofali akasimama huko. Nilitaka kumuuliza kulikoni. Bwana Mifugo akanizuia. "Usimuulize, Mwalimu. Walikotoka, mbwa walibaki peke yao na maiti." Akamfunga jike wake kamba kila siku ambayo yule mama alikuwa analima, jambo ambalo hakulifanya kwa diwani wala kwa padri.

Mwaka uliokuwa wa mwisho wa Benaco, Bwana Mifugo aliitwa Biharamulo kwenye kazi ya kuchanja ng'ombe, akakaa wiki tano. Jike alikuwa na mimba. Aliniachia kumlisha. Nililia machozi ya kweli, nikamlisha kwa upawa niliofunga kwenye mti mrefu, nikirusha ugali kwa mbali, na baada ya wiki mbili akazaa watatu chini ya kihenge chake. Yule mama alikuwa anakuja bado. Mtoto aligundua wale watoto wa mbwa kabla yetu sote. Alikaa kwenye tundu la uzio akiwatazama tangu asubuhi mpaka mama yake anamaliza kazi. Siku moja, mdogo kuliko wote alijaribu kutembea akadondokea pua, na yule mtoto akacheka. Cheko fupi, la kukwaruza, la mtu ambaye amesahau linafanywaje. Mama yake aliacha kulima. Alikaa chini kwenye udongo, akafunika uso kwa kitenge.

Kesho yake ndiyo aliniomba. Mwanamke yule aliyepanda matofali kwa kumwona mbwa, aliniomba nimwombee mtoto wa mbwa. Walikuwa wameanza kukatazwa kutoka kambini, hakujua ataweza kuja kwa wiki ngapi zaidi. Nikamwambia atapata. Niliahidi mali isiyo yangu.

Bwana Mifugo aliporudi alikwenda bandani kabla hata ya kushusha mzigo kwenye baiskeli. Akauliza wamezaliwa lini. Walikuwa na wiki tatu. Nikasema wana wiki tano, wamezaliwa siku ile ile uliyoondoka. Aliwachukua mmoja mmoja, akawafunua midomo, akawaangalia muda mrefu. Akasema, "Haya." Nikafurahi moyoni kwamba nimemweza.

Kuna jambo jingine sikumwambia, na hili halikuwa uongo, lilikuwa ujinga. Watoto wakiwa na siku chache tu, mbwa mgeni aliingia uwanjani mchana, dume jembamba lenye kuyumba, likapigana na yule jike. Nililitoa kwa ufagio na mawe. Jike alitoka na jeraha begani, lilipona haraka, na Bwana Mifugo aliporudi manyoya yalishafunika. Mimi nilikuwa mtu wa kuogopa mate ya mbwa kwa sababu ya swala yangu. Mbwa kupigana na mbwa kulikuwa kwangu ni kelele, si habari ya kumpa mtu.

Yule mama alikuja mara tatu kama sharti lilivyotaka, na kila mara alileta maharage ya msaada yaliyochemshwa kwa ajili ya jike, akiyaweka chini kwa mkono ulionyooka, uso ameugeuza. Kitambaa alichotoa kilikuwa kipande cha nguo ya mtoto. Wiki tatu zilipita. Kwa hesabu yangu ya uongo zikawa nane. Kwa hesabu ya Mungu zilikuwa sita. Mimi mwenyewe ndiye niliyembeba yule mdogo, nimemviringisha kwenye kanga, nikamkabidhi yule mtoto. Jike alitufuata mpaka barabarani. Hakukoroma. Nilijiosha mara saba, na sijawahi kujiosha kwa furaha kama siku ile.

Siku kumi baadaye jike alianza kuuma magogo.

Sitaeleza sana. Aliyewahi kuona kichaa cha mbwa anajua, na asiyewahi aendelee kushukuru. Chanjo ya mbwa ilikuwa haijafika Nyakisasa mwaka ule. Bwana Mifugo alimtazama siku nzima kwa mbali, amesimama, mikono nyuma. Jioni kabla jua halijazama aliniita, akaniuliza kama kuna mbwa aliyewahi kuingia wakati hayupo. Nikamwambia. Hakunigombeza. Aliazima bunduki kwa askari wa wanyamapori, akammaliza jike, akawamaliza na wale watoto wawili waliobaki, ambao waombaji wao walikuwa wamekuja mara mbili tu na bado walidaiwa mara ya tatu. Akawafukia kina kirefu. Asubuhi tulipanda lori la ndizi kwenda Benaco.

Kwenye ule mkungu niliokalia ndipo nilipomwambia. "Bwana Mifugo, nilikudanganya wiki. Hawakuwa wametimiza."

"Najua," alisema. "Niliona vinywa vyao. Walikuwa na wiki tatu."

"Sasa mbona ulinyamaza?"

Tulipita kona mbili. "Siku niliyorudi, nilimkuta yule mtoto kwenye uzio," akasema. "Alikuwa anawacheka." Akavua kofia, hakuikung'uta. "Wiki mbili, Mwalimu. Yule mbwa angekuwa bado nyumbani na wenzake."

Tukashuka Benaco.

Sijui niwaelezeje Benaco watu ambao hawakuiona. Maturubai ya buluu mpaka jicho lichoke, na moshi, na watu wamepangwa kwa mitaa ya kule walikotoka. Tulitembea siku mbili. Yeye alitangulia na mabuti yake, akiuliza kila nyumba kwa Kihangaza kama wameona mtoto wa mbwa. Wengi walituangalia kama tunawatukana. Mwanamke mmoja alifunga turubai usoni kwetu. Bwana Mifugo aliomba radhi kila mara, akasogea nyumba inayofuata, akauliza tena, sauti ile ile. Sikuwahi kumwona mtu akiwa mpole namna ile kwa muda mrefu namna ile.

Tuliwakuta siku ya pili mchana. Yule mtoto wa mbwa alikuwa amefungwa kwa uzi wa turubai, anatokwa udenda, maji yamewekwa mbele yake hayataki. Na mtoto alikuwa na kidonda kwenye kidole gumba, cha siku tatu. "Alikuwa anacheza naye," mama alisema. "Anauma sana, hajui kuachia." Kisha akasema, akitabasamu, maskini, akitupa habari njema kwanza: "Mtoto anaongea sasa. Anaongea na mbwa."

Bwana Mifugo alipiga magoti. Aliomba sabuni na maji, akakiosha kidole kile muda mrefu sana, akimwaga, akisugua, akimwaga tena. Akaniambia bila kugeuka, "Kuosha ndiyo dawa ya kwanza, Mwalimu. Dini yako inajua." Kisha akavaa glovu zake za ng'ombe, akamchukua yule mbwa. Mtoto akamfuata, akimvuta suruali, akisema maneno kwa lugha yao, maneno yale yale, kwa sauti kubwa. Niliuliza anasema nini. Bwana Mifugo hakunijibu pale. Alinijibu tukiwa ndani ya lori tunarudi. Alikuwa anasema, mrudisheni kwa mama yake.

Sindano zilikuwa tano, kila moja na siku yake. Hospitali ya kambini walikubali kumchoma. Bwana Mifugo alikwenda na baiskeli kila sindano, safari ya siku nzima, kuhakikisha kwa macho yake. Ya kwanza, ya pili, ya tatu. Zilibaki mbili.

Hapo ndipo wakimbizi walipoambiwa warudi kwao. Ilikuwa Disemba. Kwanza wengi walikimbilia porini upande wa Biharamulo, wakageuzwa, na barabara yote ya kwenda Rusumo ikajaa watu, vichwa na vifurushi na baiskeli zilizobeba wazee, siku nyingi mfululizo. Bwana Mifugo alimwendea nesi mmoja, sijui alimwambia nini, akapewa ile sindano ya nne. Aliitia kwenye chupa ya chai pamoja na barafu, akajifunga chupa kifuani kwa mpira wa baiskeli, akaenda kusimama kando ya barabara. Nilikwenda naye siku ya kwanza. Alikuwa akilitaja jina la yule mtoto kwa sauti, na watoto kumi wanageuka, na hakuna aliye yeye. Nilichoka nikarudi shule. Yeye alibaki. Alikwenda siku ya pili na ya tatu na ya nne. Barafu ilikuwa imekwisha kuyeyuka siku nyingi na dawa imeharibika, hilo alilijua kuliko mtu yeyote wilaya ile. Aliendelea kusimama na chupa yake mpaka barabara ikawa tupu na watu wa kufagia wakaja kuokota ndara.

Hakufuga tena mbwa. Watu walikuja kuomba, wakaambiwa hakuna. Alistaafu, akahamia Biharamulo nyumbani kwa binti yake, na mimi nikahamishwa shule, kisha shule nyingine. Miaka mingi nilikuwa nikijiambia nitakwenda kumwona. Nilikuwa na sababu nyingi za kutokwenda, na zote zilikuwa ile moja.

Nilistaafu na mimi, nikarudi mjini kwetu. Nyumba ya binti yake haikuwa mbali, chini kidogo ya boma la Wajerumani. Nikaenda mchana mmoja na mkate na sukari. Nilimkuta ameketi barazani, amevaa sweta juani, magoti yamechongoka. Alikuwa mdogo. Sikujua mtu mrefu namna ile anaweza kuwa mdogo.

"Shikamoo, Bwana Mifugo."

"Marahaba." Alinitazama sana. "Unatoka wapi, mama?"

"Mimi ni Mwalimu. Wa Nyakisasa. Wa uzio."

Macho yake yakabadilika, lakini sina hakika kama ni mimi aliyeniona. Akanishika kiganja. "Umetoka Ngara? Sasa, habari za yule mtoto?"

Nilikuwa nimejiandaa kwa maswali mengi njiani, na hilo lilikuwa mojawapo, na jibu nililoandaa lilikuwa kusema sijui. Ndiyo kweli. Sijui. Nilishauliza madereva wa Rusumo, nilishauliza watawa waliokwenda Kigali, sijui. Lakini mkono wake ulikuwa mwepesi ndani ya wangu, unasubiri.

"Yupo," nikasema. "Amekua mtu mzima. Anaendesha lori la mafuta, anapita hapa kwenda kwao. Nilimwona stendi nikamtambua kwa kidole. Ana kovu. Ana watoto wawili."

Alinisikiliza mpaka mwisho. Alitikisa kichwa polepole. "Asante, Mwalimu," akasema. "Asante sana." Akaachia mkono wangu, akageukia jua, na tukanywa chai tukiongea habari za bei ya nyama. Nililia kidogo na yeye hakuuliza kwa nini. Nilijisikia mwepesi. Nilifikiri, mara hii uongo wangu haukumdhuru mtu.

Binti yake alinisindikiza mpaka kwenye kona. Ni mwanamke mnene, mpole, mwenye pua ya baba yake. Nilimwambia amemtunza vizuri. Akasema, "Mimi aliniacha hapa nina miaka mitano. Sasa kila asubuhi ananiuliza kama nimekula." Alisema hivyo bila uchungu, au uchungu wake ulikuwa umezoea nyumba.

Tulisimama kidogo. Akacheka.

"Kwako amekuwa dereva wa lori," akasema. "Padri wa parokia alimwambia anasomea upadri. Mama muuza dagaa akamwambia ni fundi umeme Kahama. Mwezi uliopita alikuwa mwanajeshi. Kila mgeni wa Ngara anamuuliza, na kila mtu anampa mtoto aliye hai, kwa huruma. Anawashukuru wote."

"Basi vizuri," nikasema. "Anafurahi."

"Anafurahi," akakubali. Alikuwa akiangalia nyuma, kule barazani. "Halafu mgeni akishaondoka namwingiza ndani, namvua viatu, ananiambia, 'Bado hawajampata.'"